Kambi ya Kiingereza Pangani: tuliyobishania kabla ya kukata tiketi

Tangu tulipoigusia habari hii kwenye kipindi, meseji hazikomi. "Kambi lini?" "Naweza kuja?" "Lazima niwe mwalimu?" Mmoja akauliza kama Pangani kuna intaneti ya kutosha ili afanye kazi zake jioni. Basi leo tunaandika, maana yapo mambo ambayo hayaenei kwenye dakika arobaini za kuongea na kukatizana.

Kwa ambao hawakusikia: tunapanga kambi ya Kiingereza ya siku 12, mwezi wa kumi na mbili, kwa watoto 40 waliomaliza darasa la saba. Hatujaifanya bado. Mnachokisoma hapa ni ugomvi wetu wa miezi mitano, na kwa maoni yangu una faida kuliko picha tutakazopiga tukifika.

Kwanza, kwa nini darasa la saba? Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara anasoma kwa Kiswahili. Imekuwa hivyo tangu 1967. Hisabati kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo kama masomo mengine. Mwezi wa tisa anafanya mtihani wa kumaliza. Januari anaingia kidato cha kwanza, na hapo Biolojia, Fizikia, Kemia, Jiografia na Hisabati, vitabu vyote vimegeuka Kiingereza. Hakuna ngazi katikati. Juzi alikuwa anajua, leo hajui, na kichwa ni kilekile.

Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika ngazi zote, lakini kwenye madarasa ya sekondari Kiingereza ndicho kilichoendelea. Zanzibar nao wana njia yao: sera yao ya 2006 ilileta hisabati na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mjadala huu ni mrefu na wenyewe wanaujua kuliko sisi. Ukiniuliza mimi, nitakwambia mtoto afundishwe kwa lugha anayoielewa, basi. Ila sera haibadilishwi na kambi ya siku 12, na mtoto anayeanza shule Januari hawezi kungoja wakubwa wamalize kubishana.

Kati ya mtihani na Januari kuna miezi mitatu na ushee. Wenye uwezo wanawapeleka watoto wao kwenye masomo ya "pre-form one", ambayo mijini ni biashara kamili, na mabango yake utayaona hata kwenye nguzo za umeme. Mtoto wa mvuvi wa Pangani miezi hiyo anafua nazi, anamsaidia mama yake kukaanga samaki, anasubiri matokeo. Mama yangu mdogo amefundisha shule ya msingi huko kwa zaidi ya miaka 20. Ndiye aliyetuma sauti kwenye WhatsApp: "Mwanangu, nyie huko mnaota kwa Kiingereza. Njooni wiki mbili tu mtushikie hawa watoto." Ukipewa neno kama hilo na mama mdogo, hujibu "nitaangalia ratiba".

Kanuni ya "Kiingereza tu"

Ugomvi wa kwanza ulianza dakika ya kumi ya kikao cha kwanza. Mwenzetu mmoja, mhandisi, mtu wa mipango, aliandika juu kabisa ya ukurasa: Hakuna Kiswahili kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka taa zizimwe. Alikuwa na hoja. Si ndiyo maana ya kumzamisha mtoto kwenye lugha? Ukimwachia pa kushika, hatajifunza kuogelea.

Mimi nimekulia Cardiff, na neno lile lilinikumbusha kitu kinachohifadhiwa kwenye makumbusho za Wales: kipande cha mbao chenye herufi W.N. Katika karne ya 19, kwenye shule kadhaa za huko, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kibao hicho shingoni. Alikivua kwa kumnasa mwenzake mwingine, na aliyekuwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyechapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwenye Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, mchezo uleule katika Kenya ya wakoloni: kitufe kinachopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto, kila mmoja akimsaliti aliyemtangulia, na fimbo mwishoni. Bahari mbili, watu wawili wasiojuana, na akili ni ileile. Na msiseme hayo ni ya zamani. Waulizeni binamu zenu waliosoma shule za kulipia Dar au Mombasa kuhusu mabango ya ukutani yanayokataza Kiswahili, na adhabu zake.

Mhandisi wetu akasema hakuna aliyetaja fimbo. Kweli. Lakini kanuni isiyo na adhabu haishiki, na kanuni yenye adhabu inamfundisha mtoto jambo moja haraka sana, nalo ni kunyamaza. Mtoto mwenye maneno 200 ya Kiingereza ukimkataza Kiswahili hatakuwa na maneno 400. Atakuwa bubu kwa siku 12, na utamsifu kwa adabu yake.

Tukatafuta waliofanya vizuri. Mwaka 1965, St. Lambert, kitongoji cha Montreal nchini Kanada, wazazi wanaosema Kiingereza waliishinikiza shule ianzishe darasa la chekechea la Kifaransa kitupu. Darasa hilo ndilo lililochunguzwa na Wallace Lambert na Richard Tucker, na mpaka leo ukisikia watu wanazungumzia masomo ya kuzamishwa kwenye lugha, mizizi yake iko pale. Kinachosahauliwa ni kwamba aliyefungwa na lugha alikuwa mwalimu, si mtoto. Mwalimu alisema Kifaransa tu. Watoto mwanzoni waliruhusiwa kumjibu kwa Kiingereza, naye alielewa, akaendelea na Kifaransa chake. Wakaanza kukisema walipokuwa tayari.

Sasa hebu niambieni, kama hiyo si hadithi yetu, ni ya nani? Bibi anasema, "Nipatie hiyo birika," sisi tunamletea birika huku tunamjibu kwa Kiingereza kwamba chai bado haijachemka. Tumekua hivyo. Tunaelewa kila neno, hata yale ambayo wakubwa walidhani hatuelewi, na mdomo ukifunguka inatoka lugha nyingine. Watu wametucheka kwa hilo miaka mingi. Kumbe ni hatua halali kabisa ya kujifunza lugha, na mtu aliyeipitia ndiye atakayemvumilia mtoto wa Pangani anayeelewa swali lakini bado hana jibu mdomoni.

Hapo mhandisi alinibana, na alinibana vizuri. "Wangapi kati yetu," akasema, "wamebaki kwenye hatua hiyo mpaka wana miaka 35?" Wengi. Na wasikilizaji wetu wengi mnajijua. Uvumilivu peke yake hautoshi. Lazima kuwe na siku ambayo lugha inahitajika kweli. Mimi siku hiyo ilinikuta Tanga nikiwa na miaka 11. Binamu yangu hakujua neno hata moja la Kiingereza, na nyumba nzima ilikuwa na baiskeli moja. Kufikia Ijumaa nilikuwa najua kudai, kulalamika, kubembeleza na kusema uongo, vyote kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Sisi tunaokwenda tunasema Kiingereza tangu uji wa asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, hata tukijibiwa kwa Kiswahili. Mtoto hakatazwi Kiswahili wala haadhibiwi kwa ajili yake. Siku nne za mwanzo ni za kusikia na kutenda: leta, pima, kata, chora, panga mstari. Kuanzia siku ya tano kila kundi lina kazi ambayo haiwezi kumalizika bila mtoto kumwambia kitu mtu asiyekijua. Na jioni, baada ya chakula, lugha inageuka: vitendawili, hadithi, utani, vyote kwa Kiswahili, na wanafunzi ni sisi. Mhandisi aliuliza kama hiyo bado ni kambi ya Kiingereza. Nadhani ni ya Kiingereza zaidi, kwa sababu mtoto aliyekucheka usiku kwa kusema "kitabu hii" hatakuogopa asubuhi akikosea yeye.

Kutokuwa na uwanja wa ndege wa maigizo

Duniani kuna kambi za lugha za kila namna. Minnesota, Marekani, chuo cha Concordia kilianza mwaka 1961 na kambi ya Kijerumani, na leo zina lugha nyingi. Mtoto anafika na kupewa jina jipya na pasi ya kusafiria ya kuchezea. Korea ya Kusini ilikwenda mbali zaidi. Mkoa wa Gyeonggi ulifungua kijiji cha Kiingereza Ansan mwaka 2004, kingine kikubwa Paju mwaka 2006, chenye mtaa mzima wa kujifanya: benki, posta, dawati la uhamiaji. Watoto wakafanya mazoezi ya kufungua akaunti katika benki isiyo na pesa. Baadaye vijiji hivyo vikawa mzigo wa gharama.

Mwenzetu mwingine alitaka tujenge kitu cha aina hiyo kwa maboksi: mgahawa, duka, kaunta ya uwanja wa ndege. Watoto wangefurahi, sikatai. Lakini mtoto wa Pangani ataagiza piza kwa Kiingereza lini, na kwa nani? Januari hataulizwa bei ya tiketi. Ataulizwa msuguano ni nini.

Mimi niliyoyaona utotoni yalikuwa tofauti. Shule yetu ilitupeleka Llangrannog, kambi ya Urdd iliyopo juu ya bahari ya magharibi ya Wales tangu 1932. Huko Kiwelisi hakifundishwi kwenye dawati. Unakisikia juu ya farasi, kwenye foleni ya chakula, unapoambiwa ushike kamba. Sikumbuki sarufi hata moja, ila namna ya kuambiwa "kaa chini" nikiwa juu ya farasi naikumbuka hadi kesho. Kitu kilikuwa kinatokea kweli, na lugha ilikuwa ndani yake.

Pangani kuna mambo ya kweli ya kutosha. Mto unaotoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru unaingia baharini pale, kivuko kinavusha watu kwenda Bweni ng'ambo, na ndio mji ambao Bushiri bin Salim alinyongewa na Wajerumani Desemba 1889. Nahodha mmoja, jirani yake mama mdogo, amekubali kutuonyesha jahazi likiwa limepwelewa. Hapo ndipo mpango wote ulipokaa sawa kichwani mwangu.

Sikilizeni. Ili tanga lipande, foromali inavutwa juu kwa kamba inayoitwa jarari. Jarari inapita kwenye gofia, na ndani ya gofia kuna roda. Roda hiyo mtoto ameisoma shuleni kwenye mashine rahisi, pamoja na wenzo na mteremko. Ameiona kwenye jahazi tangu hajaanza kutembea. Anajua kwamba watu wachache wanainua mti mzito kwa sababu ya kile kidude. Kitu pekee asichonacho ni neno la Kiingereza. Mbele yake amesimama mtu wa kujitolea kutoka Leicester mwenye digrii mbili, ambaye hajui gofia ni nini. Hajifanyi hajui, hajui kwelikweli. Nahodha anaeleza kwa Kiswahili cha baharini, ambacho wengi wetu hatukiambulii, na mtoto ndiye inabidi amweleze mgeni: The rope goes over the wheel. Maneno sita. Mgeni anauliza, gurudumu gani? Mtoto anaonyesha, anatafuta, anapata neno pulley, na kesho yake analichora na kuliandikia.

Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka, kila siku kwa umbo jingine. Kuchemsha maji ya bahari mpaka chumvi ibaki, kwa ajili ya mvuke. Kuhesabu abiria, pikipiki na magunia kwenye kivuko kwa saa nzima, kisha kuchora grafu. Kupika wali wa nazi kwa maelezo ambayo mtoto anayasoma kwa sauti na mgeni anayafuata neno kwa neno, hata akielekea kuharibu. Kumpeleka mgeni mjini na kumsimulia habari za Bushiri. Katika kila moja, anayejua ni mtoto.

Na maneno ya sayansi tunayaunganisha na yale aliyonayo. Msuguano, mmeng'enyo wa chakula, usanisinuru: haya si mageni kwake, ameyafanyia mtihani mwezi wa tisa. Anatakiwa kuyapa jina la pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzao wa Dodoma waliwahi kutengeneza vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza kwa mtindo huo, Kiingereza chepesi, picha, maneno magumu yakiwa na Kiswahili chake, na nafasi ya kuzungumza kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Sisi hatuna haja ya kuvumbua kitu.

Kuna kundi jingine la maneno ambalo mama mdogo ndiye alilitaja, maana sisi tusingelifikiria: define, list, explain, differentiate. Maneno ya amri kwenye karatasi ya mtihani. Anasema anawajua watoto walioandika ukurasa mzima pale walipoambiwa wataje tu, na wakataja pale walipoambiwa waeleze. Haya yanapata dakika 20 kila asubuhi, bila maajabu yoyote.

Sisi tunaokwenda

Sasa niseme jambo ambalo huenda litapunguza meseji zenu. Mwanzoni tulikuwa wanane wa kusafiri. Tukakaa na hesabu: nauli ya mtu mmoja kutoka London msimu wa Krismasi ni posho ya mwalimu wa pale kwa muda mrefu sana. Na mwalimu wa pale anajua kwa nini mtoto fulani hanyooshi mkono, nani hajala, nani analala darasani kwa sababu usiku alikuwa baharini na baba yake. Kwa hiyo tunakwenda wanne. Fedha zilizobaki zinalipa walimu sita wa Pangani, ambao ndio wenye kambi. Sisi ni wageni wa kuelezwa mambo. Baadhi yetu iliwauma, na nimeelewa. Watu walikuwa wameshaomba likizo kazini.

Lafudhi nayo iliwatia wasiwasi wengine, mmoja akiuliza kama Kiingereza chake cha Birmingham kitawaharibu watoto. Hakitawaharibu. Walimu watakaowafundisha Januari wana Kiingereza cha Kitanzania, kizuri na kinachoeleweka, na hicho ndicho kipimo.

Mengine ni ya kawaida lakini hayaepukiki. Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, na kufundisha bure nako kunahesabiwa kazi, kwa hiyo vibali vinaombwa mapema, na barua inapita kwa afisa elimu wa wilaya kabla ya kumwambia mzazi yeyote. Kila anayekwenda analeta hati ya kuthibitisha hana rekodi ya kudhuru watoto. Sisi wa Uingereza tunaijua kwa jina la DBS. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto. Picha za watoto hazipandi mtandaoni. Najua hili la mwisho litawaumiza, ila fikiria picha yako ya miaka 13, umesimama na mgeni, chini yake imeandikwa kwamba amekuja kukuokoa.

Mabweni tumepata mawili, na matroni ni mwalimu wa pale. Neti zipo. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi hakuna kipindi. Wasichana ni nusu ya watoto, 20 kwa 20, na hilo halikuja lenyewe: orodha ya kwanza ilikuwa na wasichana saba, kwa sababu Desemba nyumbani kuna kazi na wa kwanza kuombwa ni wao. Mama mdogo alizunguka nyumba kwa nyumba jioni tatu.

Alipozunguka, swali la kwanza la wazazi lilikuwa moja: mchango ni shilingi ngapi? Neno "kambi" limewachosha. Watoto wao waliwekwa kambi shuleni kabla ya mtihani wa darasa la saba, na kila kambi ilikuja na michango yake, unga, mchele, kuni. Mzazi mmoja alisema atamleta binti yake ila hana gunia la mkaa. Tumeamua mzazi hatoi chochote. Mama mdogo hakufurahi, anasema cha bure hakithaminiwi, na tumefika katikati: atakayeweza alete nazi mbili.

Siku 12 hazimgeuzi mtu kuwa msemaji wa Kiingereza, na hatukuahidi hivyo kwa wazazi. Tulichoahidi ni kwamba mtoto ataingia kidato cha kwanza akiwa ameshamweleza mtu mzima jambo kwa Kiingereza na akaeleweka, na atakuwa na daftari lake la maneno, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Walimu sita wataendelea naye Jumamosi mpaka shule zifunguliwe. Mwezi wa tatu mama mdogo atapita sekondari kuuliza wanaendeleaje, nasi tutakuja na majibu kwenye kipindi, yawe matamu au machungu.

Mnaotaka kusaidia bila kusafiri: tunatafuta kamusi za Kiingereza–Kiswahili, hata zilizotumika, na mtu wa Tanga mwenye gari la kubeba magodoro 40 hadi Pangani, kama kilomita 50 kwenda kusini. Kikao kijacho ni Jumapili saa mbili usiku kwa saa za London. Ajenda ni moja. Bweni la wasichana lina matundu mawili tu ya choo, na fundi anasema la tatu linawezekana kabla ya mvua kama tutamtumia hela ya saruji wiki hii.